Wedelia bustanini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wedelia ni ule mmea wa kutambaa wenye majani mazito ya kijani yanayong'aa na maua ya manjano kama vijua vidogo. Unapendwa kwa sababu unafunika ardhi tupu upesi, hauna makuu, na huchanua karibu mwaka mzima penye joto. Sifa hizo hizo ndizo zilizoufanya uwe tatizo katika nchi nyingi. Majibu haya ni kwa anayefikiria kuupanda, kwa aliyekwisha kuupanda na sasa unamzidi nguvu, na kwa aliyehamia kwenye kiwanja akaukuta umetawala. Jambo moja litajirudia humu, nami nalirudia kwa makusudi: wedelia hutoka bustanini kwa njia ya takataka tunazozitupa wenyewe.

Huu ni mmea gani hasa?

Ni mmea wa kudumu wa jamii ya alizeti. Asili yake ni Amerika ya kitropiki: Meksiko, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na sehemu za kaskazini za Amerika ya Kusini. Shina lake hulala chini na kutambaa, na zulia lake kwa kawaida huwa na kimo cha sentimita 15 hadi 30. Likipata kitu cha kuegemea, kama kichaka au wavu, hupanda juu zaidi ya hapo.

Mbona kila mtu anauita kwa jina lake?

Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuelezea mwaka 1759 na kuuweka katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Silphium. Baadaye ukahamishiwa Wedelia, jenasi iliyopewa jina la mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Georg Wolfgang Wedel, na mwaka 1996 ukapewa jina linalotumika sasa, Sphagneticola trilobata. Wakulima wa maua wamebaki na "wedelia", na ndilo nitakalotumia hapa. Kwa Kiingereza wengi huuhusisha na Singapore, ingawa haukutoka huko. Kama unasoma lebo ya mche, tafuta neno trilobata: maana yake ni "wenye ncha tatu", na ndiyo alama kuu ya jani lake.

Nitautambuaje bila kukosea?

Anza na jani. Majani huota mawili mawili yakielekeana kwenye shina, ni manene kidogo, na mengi yana ncha tatu: moja kubwa katikati na mbili ndogo pembeni. Kisha tazama shina: lina vifundo, yaani pale majani yanapochomozea, na kifundo kinachogusa udongo huwa kimeshatoa mizizi. Mwisho ni ua, moja juu ya kikonyo kirefu, lenye petali za manjano ambazo ncha zake zimechanika kidogo kama zimeng'atwa.

Ipo mimea ya pwani inayofanana nao. Mmoja ni Wollastonia biflora, ambao ni wa asili katika fukwe nyingi za Bahari ya Hindi na Pasifiki; majani yake yana umbo la yai lililochongoka, bila zile ncha tatu. Tafadhali chunguza kabla ya kung'oa chochote ufukweni, kwa sababu ni rahisi kuondoa mmea wa asili kwa kosa la mgeni.

Kwa nini unaitwa mmea vamizi? Mbona ni ua tu?

Mmea vamizi ni ule uliopelekwa mahali pasipo kwao, ukaenea bila kusaidiwa na kudhuru mimea au viumbe wa pale. Wedelia inatimiza yote hayo. Hutandaza zulia zito kiasi kwamba mwanga haufiki chini, na mche wowote unaojaribu kuota hapo hufa kabla haujainua kichwa. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba maji yaliyolowekwa majani yake hupunguza uotaji wa mbegu za mimea mingine. Kwa hiyo inashindana kwa nafasi, kwa mwanga, na kwa kemikali.

Inaota juani na kivulini, penye unyevu na penye ukame wa muda, hata kwenye udongo wenye chumvi karibu na bahari. Mimea mingi ya bustani ikitoroka hukutana na hali inayoishinda. Huu hushindwa na vitu vichache, baridi kali ya barafu ikiwa mojawapo. Ndiyo maana shirika la uhifadhi la IUCN liliuweka katika orodha yake ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani, iliyotolewa mwaka 2000. Umeenea Hawaii, Fiji, Samoa, Australia, kusini mwa China na Florida, na mara nyingi ulianza kama pambo au kifuniko cha kingo za barabara.

Unaeneaje, kama mbegu zake haziaminiki?

Hili ndilo swali ambalo mtu akilielewa, mengine yote yanakuwa mepesi.

Wedelia hutoa mbegu chache zinazoweza kuota. Usambaaji wake karibu wote hutokana na shina. Kila kifundo kina machipukizi yanayongoja na uwezo wa kutoa mizizi. Shina likirefuka, linaweka mizizi kila baada ya sentimita kadhaa, na kila penye mizizi pana mmea kamili usiomtegemea tena mama yake. Ukikata katikati, hujaua kitu: umepata mimea miwili.

Sasa fikiria kinachotokea siku ya usafi. Mashine ya kukatia nyasi inapita pembeni ya zulia na kurusha vipande uwanja mzima. Mtu anakusanya mabaki kwenye toroli na kuyamwaga nyuma ya ukuta, kwenye korongo au mtaroni. Mvua inanyesha. Maji yanachukua vipande hadi kwenye kijito, kijito kinaviacha kwenye tope la ukingo, na baada ya miezi michache kuna zulia jipya mahali ambapo hakuna aliyepanda. Udongo wa kujazia uliochotwa penye wedelia hufanya vivyo hivyo, na pia matairi na majembe yenye vipande vilivyonasa.

Aliyemwaga toroli lile hakuwa na nia mbaya. Aliona majani yaliyokatwa akadhani yamekufa. Kwa mimea mingi angekuwa sahihi.

Je, sheria inaruhusu kuupanda?

Inategemea nchi, na mara nyingine hata jimbo. Huko Queensland, Australia, ni mmea vamizi uliowekewa masharti chini ya Sheria ya Usalama wa Kibiolojia ya mwaka 2014: hairuhusiwi kuuuza, kuugawa wala kuuachia kwenye mazingira. Afrika Kusini nayo imeuweka katika orodha yake ya spishi vamizi. Kabla hujanunua, uliza ofisi ya kilimo au mazingira ya mahali ulipo. Kuukuta unauzwa kitaluni si ushahidi kwamba umeruhusiwa.

Nimesoma yote hayo na bado nautaka. Niupande wapi?

Kwanza jiulize kiwanja chako kinapakana na nini. Kama kuna mto, kijito, mtaro wa maji ya mvua, kinamasi, ufukwe, msitu au malisho upande wowote, ushauri wangu ni usiupande kabisa. Hakuna utunzaji unaoweza kushindana na maji yanayopita.

Kama kiwanja kimezungukwa na lami na kuta, mahali salama zaidi ni chombo: chungu kikubwa, kikapu cha kuning'inia, au kitalu cha matofali kilichoinuliwa na kuzungukwa na sakafu ngumu. Kwenye kikapu unapendeza kwa kweli, mashina yakining'inia na maua yakitazama nje. Ila usiruhusu ncha ziguse ardhi. Zikate zikiwa bado zinaelea hewani.

Kuupanda moja kwa moja ardhini, kwenye bustani iliyo wazi, sikushauri hata kama una muda mwingi. Muda huo utaisha siku utakapougua, utakaposafiri au utakapohama, na mmea hautasafiri nawe.

Unapandwaje kwenye chombo?

Kata kipande cha shina cha sentimita 10 hadi 15 chenye vifundo viwili au vitatu. Ondoa majani ya chini, fukia kifundo kimoja au viwili kwenye udongo wenye unyevu, na uweke kivuli chepesi siku za mwanzo. Ndani ya wiki mbili kwa kawaida kimeshika. Vipande viwili au vitatu vinatosha chungu cha wastani. Watu huweka kumi kwa pupa, na baada ya miezi mitatu wanahangaika na msitu.

Hakikisha chungu kina matundu ya kutolea maji na kimekaa juu ya sahani au sakafu, kisiwe juu ya udongo. Mizizi hupenya matunduni.

Unahitaji maji na mbolea kiasi gani?

Kidogo. Mwagilia udongo wa juu ukikauka. Mbolea uache, maana itakuongezea majani na kazi ya kukata.

Wangu una majani tele lakini hauchanui. Nifanye nini?

Karibu mara zote ni kivuli. Unastahimili kivuli vizuri, lakini maua mengi hutoka penye jua la saa sita au zaidi kwa siku. Sababu ya pili ni mbolea yenye naitrojeni nyingi.

Je, kuzika ukuta wa plastiki ardhini kutauzuia?

Hapana, na ni kosa linaloeleweka. Kizuizi cha kuzikwa hufaa kwa mimea inayotembea chini ya ardhi, kama mianzi. Wedelia hutembea juu. Itapita juu ya kizuizi chako kama mtu anavyovuka kizingiti.

Kwa uliokwisha kupandwa ardhini, kinachosaidia ni mkanda mtupu kuuzunguka: nusu mita au zaidi ya zege, vigae, au udongo uliopaliliwa ambao unaukagua kila wiki. Changarawe haitoshi, kwa sababu mizizi hupenya katikati ya mawe. Mkanda hauzuii mmea; unakuwezesha kuliona shina linalovuka kabla halijashika. Ukaguzi wa dakika tano kila wiki una thamani kuliko kazi ya siku nzima kila miezi mitatu.

Nikishakata, mabaki niyapeleke wapi?

Usiyaweke kwenye lundo la mboji. Lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kutosha kuua vifundo, na utakapotandaza mboji hiyo utakuwa umepanda wedelia kila tuta. Usiyatumie kama matandazo. Usiyatupe shimoni, korongoni, kando ya njia wala kwenye kiwanja kisicho na mtu.

Njia ninayoiamini ni hii. Weka turubai chini kabla ya kuanza kukata, ili vipande viangukie humo. Tumia mkasi wa bustani, si mashine ya kukatia nyasi wala fyekeo, kwa sababu vifaa hivyo huzalisha vipande vidogo na kuvirusha. Weka mabaki kwenye mfuko mweusi wa plastiki mzito, ufunge kabisa, na uuache juani juu ya sakafu ngumu kwa wiki kadhaa. Fungua na uangalie: unachotaka ni mashina yaliyooza au yaliyokauka hadi yanavunjika. Shina likipinda bila kuvunjika, bado lina uhai, funga tena. Baada ya hapo mfuko unaweza kwenda na taka za kawaida.

Wengine huyaanika juu ya bati au zege. Inafaa wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua usijaribu, maana shina hili lina nyama na huhifadhi maji, na nimewahi kuona vipande vilivyodhaniwa vimekauka vikichipua baada ya manyunyu ya usiku mmoja. Kuchoma nako kuna sheria zake, na moshi una jirani.

Ukimaliza, kagua soli za viatu, meno ya reki na magurudumu ya toroli.

Nina mteremko unaomong'onyoka. Si ndiyo kazi yake?

Kwa miaka mingi ulipandwa kwa kazi hiyo hasa, na ni kweli kwamba zulia lake hupunguza nguvu ya matone ya mvua. Lakini mizizi yake hukaa juu juu. Hushika ngozi ya udongo tu, huku mteremko unaoteleza ukiteleza kutoka chini zaidi. Zaidi ya hayo, huziba nafasi ambayo ingepata miti na majani ya asili yenye mizizi mirefu. Na mteremko ndipo maji yanapoteremka. Kila kipande kinachokatika kina njia iliyo tayari ya kwenda bondeni. Panda majani yanayoota kwa mashina yaliyoshikana, kama vetiva, kwa mistari inayofuata kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa kimo kilekile, na vichaka vya asili katikati.

Nyuki wanaupenda. Huo si wema?

Nyuki na vipepeo huja kweli, na sitamlaumu mtu anayefurahi kuwaona. Ila zulia la wedelia ni mlo wa aina moja mahali palipokuwa na maua ya aina nyingi, ya misimu tofauti, yenye maumbo yanayowafaa wadudu tofauti. Mdudu anayehitaji mmea fulani ili kutaga mayai hapati msaada wowote kwa maua ya manjano.

Naweza kuwalisha mifugo, au kuutumia kama dawa?

Mifugo, hapana. Si malisho, na kuwakatia ng'ombe au mbuzi ni kubeba vipande hadi zizini na kuvieneza kwa samadi na mabaki ya hori.

Kuhusu dawa, una ndugu yake wa Asia, Sphagneticola calendulacea, unaotumika katika tiba za jadi za huko, na watu huwachanganya. Jani la ndugu huyo ni jembamba zaidi na halina ncha tatu zilizo wazi. Usinywe kitu kwa sababu tu ua lake linafanana na la dawa.

Rafiki ameona chungu changu na ameomba vipande. Nimpe?

Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu kugawana miche ni moja ya raha za bustani na kumnyima mtu shina lenye kifundo kimoja kunaonekana uchoyo. Lakini wewe umesoma haya, yeye hajasoma. Chungu chako kipo juu ya sakafu. Yeye huenda anaishi kando ya kijito. Muulize atauweka wapi. Kama jibu ni ardhini, mpe mche wa kitu kingine, na umweleze sababu bila kumwaibisha.

Nimeukuta umetawala kiwanja. Nauondoaje kwa mkono?

Inawezekana, hata kwenye eneo la ukubwa wa nyumba, ilimradi usiwe na haraka.

Chagua siku ambayo udongo una unyevu, kwa sababu mizizi hutoka nzima. Acha jembe, hukata mashina na kufukia vipande, nawe utakuwa umepanda ulichokuja kung'oa. Tumia uma wa bustani. Anzia ukingo wa nje, kamwe usianzie katikati, ili mpaka wa mmea uzidi kurudi nyuma. Chomeka uma chini ya zulia, inua, kisha likunje kama unavyokunja mkeka, ukikata mizizi inayoning'inia. Zulia zima hutoka kwa vipande vikubwa namna hiyo, na vipande vikubwa haviponyoki. Vaa glovu, maana shina lina vinywele vinavyoweza kuwasha ngozi za baadhi ya watu.

Baada ya kukunja, pita tena ukiwa umepiga magoti, ukiokota vipande kwa vidole. Kazi hii inachosha na ndiyo inayoamua. Kisha rudi kila baada ya wiki mbili au tatu. Utakuta machipukizi, na hiyo haimaanishi umeshindwa. Yang'oe yakiwa na majani mawili hadi manne, wakati mizizi bado ni uzi. Tarajia kufanya hivyo kwa miezi sita au zaidi.

Naweza kuufunika ufe kwa giza?

Ndiyo, kwenye eneo dogo na tambarare. Kata uwe mfupi, kusanya mabaki, tandaza turubai au nailoni nyeusi nzito inayozidi ukingo wa mmea kwa nusu mita, zika kingo na uweke mawe. Acha kwa miezi kadhaa. Tazama pembeni kila wiki, kwa sababu mashina hutafuta mwanga na hutokeza mahali usipotegemea. Usifanye hivi chini ya mti unaoupenda. Mizizi yake pia inahitaji hewa na maji.

Na dawa za kuua magugu?

Hutumika, hasa zenye glaifoseti au metsulfuroni, kwenye maeneo ambayo mikono haitoshi. Zulia zito huzuia dawa kufika majani ya chini, kwa hiyo mara moja haimalizi. Hurudiwa pale machipukizi mapya yanapotokea. Fuata lebo ya nchi yako neno kwa neno, vaa kinga, na usinyunyize siku ya upepo. Karibu na maji usitumie chochote ambacho lebo yake haikuruhusu hapo waziwazi, kwa kuwa viambato vya kusaidia dawa kushika jani katika baadhi ya bidhaa hudhuru vyura na samaki. Kwa bustani ya nyumbani, mimi ningechagua uma na magoti.

Nipande nini badala yake?

Tafuta mmea wa kutambaa ulio wa asili ya eneo lako. Uliza bustani ya mimea iliyo karibu au kitalu kinachootesha miche ya asili, na useme wazi kama sehemu ni ya jua, kivuli au unyevu. Usiache ardhi tupu kwa muda mrefu baada ya kung'oa, maana gugu lolote litaiwahi. Ila subiri miezi miwili au mitatu ya kwanza ya ukaguzi kabla ya kupanda, la sivyo machipukizi ya wedelia yatajificha kati ya miche yako. Katika muda huo funika kwa matandazo makavu ya nyasi ambazo hazina mbegu, ambayo unaweza kuyafunua na kuchungulia.

Mwaka umepita, na leo nimeona shina moja. Nianze upya?

Hapana. Ling'oe taratibu ukifuata mizizi kwa kidole, kisha kagua mita mbili kulizunguka pande zote, hasa upande wa chini ambako maji huelekea. Fikiria lilikotoka: udongo ulioletwa karibuni, toroli la kuazima, au zulia la jirani upande wa juu. Kama ni kwa jirani, nenda mkaangalie pamoja, na uende na uma wako.